Kupanua fenda ili rimu pana zikae kwenye gari lililoshushwa: maswali tunayoulizwa gereji, Tanga

Wanaotujia ni wa kila namna: kijana wa Makorora mwenye Altezza, mzee wa Raskazone na Crown yake, dereva kutoka Muheza aliyekwisha nunua rimu na sasa haziingii. Maswali yao yanafanana, ndiyo maana tumeyaandika hapa. Sisi kazi yetu ni bodi, na msimamo wetu ni mmoja: bati huguswa mwisho. Rimu, tairi, springi na vipimo vinatangulia, kwa sababu hivyo vyote unaweza kuvibadilisha tena kesho. Fenda ikishakatwa imekatwa.

Nimeshusha gari na tairi linakwaruza. Nipanue fenda?

Subiri kwanza. Tafuta linakwaruza wapi. Tairi linaweza kugusa sehemu nne: ukingo wa fenda juu, plastiki ya ndani ya fenda, shokapu au amu (mkono wa chuma unaoshika gurudumu) kwa upande wa ndani, na pembe ya bampa pale linapoungana na fenda. Kupanua fenda kunaponya ile ya kwanza, na ya nne kwa kiasi fulani. Hizo mbili za katikati hazitapona hata ukimwaga fedha zote kwenye bati.

Alama hazidanganyi. Ukiona mstari unaong'aa kwenye bega la nje la tairi, ni fenda. Tairi likiwa limeliwa upande wa ndani kwa mstari mwembamba, angalia shokapu na mabomba ya breki mara moja, siku hiyohiyo. Likiguna pale tu unapokata kona kali kwa mwendo mdogo, mara nyingi ni plastiki ya ndani, na hiyo huponywa kwa kuipasha moto na kuisukuma nyuma, au kukata kipande kidogo. Likiguna ukipakia watu nyuma na kupita tuta, hapo ni fenda ya nyuma, na ndipo mazungumzo yetu yanapoanza.

Nitajuaje rimu hizi zitaingia au la?

Soma namba zilizogongwa nyuma ya rimu. Utaona upana, mathalani 8.5J, yaani inchi 8.5, na utaona ET ikifuatiwa na namba. ET ni umbali kwa milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale rimu inapokaa kwenye habu, kile kitovu inapofungwa. ET ikiwa kubwa rimu inaingia ndani, ikiwa ndogo inatoka nje. Watu wengi hununua kwa kuangalia inchi za kipenyo, 17 au 18, na hawaulizi ET kabisa. Hapo ndipo fedha inapopotea.

Tupige hesabu ya Altezza RS200. Rimu yake ya kiwandani ni 17 kwa 7J, ET50. Mteja analeta 8.5J, ET30. Upana umeongezeka inchi 1.5, yaani milimita 38. Nusu inakwenda nje na nusu ndani, milimita 19 kila upande. Halafu ET imepungua kwa 20, kwa hiyo rimu nzima imesogea nje milimita 20. Jumlisha: upande wa nje umetoka milimita 39. Upande wa ndani, 19 ikiondolewa 20, rimu imejitenga na shokapu kwa milimita moja zaidi ya awali. Kwa hiyo ndani hakuna shida yoyote, shida yote iko kwenye fenda, na sentimita karibu nne si jambo la kukunja ukingo tu. Mteja huyohuyo angechukua 8.5J yenye ET42, nje ingetoka milimita 27 na ndani ingeingia 11. Kazi ya bati ingepungua sana.

Fanya hesabu hiyo kabla ya kulipia rimu. Ukishindwa, tutumie namba nne tu: J na ET za zamani, J na ET za mpya.

Kisha hakikisha matundu. Altezza, Mark II na Verossa zina stadi (bolti za kufungia rimu) 5 kwenye duara la milimita 114.3, na tundu la katikati ni milimita 60.1. IST, Vitz na Corolla nyingi ni 4 kwa 100, tundu la 54.1. Subaru Impreza za kawaida ni 5 kwa 100, tundu la 56.1, na uzi wa stadi zake ni mwembamba kuliko wa Toyota: milimita 1.25 kutoka mzunguko mmoja wa uzi hadi mwingine, dhidi ya 1.5. Nati ya Toyota kwenye stadi ya Subaru itaingia kwa nguvu na kuua uzi. Tundu la katikati la rimu likiwa kubwa kuliko habu, nunua pete za kujazia, la sivyo usukani utatetemeka ukifika spidi 80 na utalaumu balansi bure.

Kipimo cha tairi nacho kina maana?

Kina maana kubwa. Tairi 215/45R17 (upana milimita 215, ubavu asilimia 45 ya upana huo, rimu ya inchi 17) lina kimo cha milimita 625. Ukiweka 225/40R18 kimo kinakuwa 637, yaani tairi limepanda milimita 6 kuelekea fenda juu ya zile ulizoshusha. Ukibaki na 17 na kuvaa 235/40R17, kimo ni 620. Mara nyingi tumemaliza tatizo kwa kubadilisha tairi tu, na fenda ikabaki salama na rangi yake ya kiwandani.

Wapo wanaovuta tairi jembamba kwenye rimu pana ili ubavu ulale na kupita chini ya fenda. Kidogo si neno. Likivutwa sana, ukingo wa rimu unabaki wazi, na shimo moja lenye makali kwenye barabara ya Pangani linatosha kupinda rimu au kulitoa tairi kwenye kiti chake. Angalia pia namba ya uzito iliyo ubavuni mwa tairi: 87 maana yake kilo 545, 91 ni kilo 615. Usishuke chini ya ile ya kiwandani.

Mnapima vipi kabla ya kugusa bati?

Tunatoa springi. Shokapu inarudishwa bila springi, rimu na tairi lenye upepo kamili zinafungwa, kisha tunainua amu ya chini kwa jeki polepole mpaka raba ya kizuizi iguse. Hapo ndipo tairi linapofika ukipita tuta na watu wanne na magunia ya machungwa kwenye buti. Gari likiwa limesimama uwanjani, kila rimu inaonekana inakaa, na picha huwa nzuri. Ukweli wa gari lililoshushwa unaonekana pale springi inapobanwa hadi mwisho.

Katika hali hiyo tunageuza usukani hadi mwisho kulia, kisha kushoto. Tunapachika vipande vya plastasini (udongo laini wa kuchezea watoto) kwenye ukingo wa fenda ili vituonyeshe unene wa nafasi iliyobaki. Tukipata milimita 5 hadi 8 popote tairi linapopita, hatugusi chochote. Chini ya hapo tunachora kwa chaki sehemu inayohitaji kazi. Mara nyingi si tao lote la fenda. Ni kipande cha juu, tuseme kutoka namba 10 hadi namba 2 za uso wa saa ukitazama gari kwa ubavu, na nyuma ni pale karibu na bampa.

Fundi anayekuambia "lete gari nikunje" bila kuondoa springi anakisia. Hata kama mkono wake ni mzuri, anakisia.

Kukunja, kuvuta na kukata vinatofautianaje?

Kukunja ni kuulaza ukingo wa ndani wa fenda, ule mdomo unaotazama tairi. Kwenye magari mengi madogo ya Kijapani una upana wa sentimita moja hadi moja na nusu. Ukilazwa kabisa, unapata karibu nafasi hiyo yote, na kwa nje hakuna kinachoonekana. Tunatumia roli maalumu inayofungwa kwenye habu kwa nati za tairi zenyewe, inabana ukingo kidogo kidogo huku ikizungushwa. Inaanza kwa nyuzi ndogo, inaongezwa, inapitishwa tena.

Kuvuta ni kuendelea na roli hiyohiyo baada ya ukingo kulala, hadi tao lote litoke nje. Unapata sentimita moja, pengine mbili bati likiwa zuri. Sura ya gari inabadilika, na ikivutwa vizuri inapendeza kuliko kitu chochote kingine, kwa sababu mstari wa gari unabaki wa kwake. Ikivutwa vibaya fenda inakuwa na mawimbi, na hapo utalipia puti na rangi ya ubavu mzima. Kwenye saluni mlango wa nyuma unapita karibu sana na tao, kwa hiyo ukivuta kupita kiasi mlango unagonga bati ukifunguliwa. Tunafungua mlango kila tunapoongeza.

Kukata ni hatua ya watu wanaojua wanachotaka. Ukingo unakatwa vipande, unakunjwa juu, unachomelewa upya, au tao zima linapandishwa. Bati la bodi lina unene wa chini ya milimita moja, kiasi cha 0.7 hadi 0.8, kwa hiyo mashine ya welding ya fito inayotumika kwenye mageti inalitoboa na kulipinda kwa joto. Tunatumia MIG, welding ya waya mwembamba, kwa nukta fupi fupi, tunaruka kutoka upande mmoja hadi mwingine, tunaacha ipoe.

Ule mtindo wa kupachika mti au bomba kati ya tairi na fenda halafu gari linasukumwa mbele na nyuma, tafadhali usiukubali. Nguvu inakusanyika sehemu moja, na matokeo yake ni mabonde unayoyaona jua likipiga ubavuni jioni.

Kwa nini mnasema fenda ya nyuma ni kazi tofauti na ya mbele?

Fenda ya mbele imefungwa kwa bolti za spana namba 10. Ikiharibika unafungua na kuleta nyingine. Unaweza hata kuisogeza nje milimita chache kwa kuweka washa kwenye bolti, ukichunga mwanya wa boneti na mlango. Bati lake ni moja.

Nyuma hakuna fenda ya kufungua. Ubavu wa nyuma ni sehemu ya bodi yenyewe, umechomelewa na nguzo ya paa, sakafu ya buti na kizingiti cha mlango. Na ule ukingo unaotaka kuukata ni mabati mawili: la nje linaloonekana na la ndani linalofunika tairi, yameshikana kwa nukta za kiwandani na katikati yamezibwa kwa gundi ya maungio. Ukiukata ukaacha hivyo, umefungua mfuko. Maji na matope yanaingia ndani ya ubavu, yanashuka kwenye kizingiti na kwenye buti, na sehemu iliyokuwa ikishikana haishikani tena. Tumefungua magari yaliyokatwa hivi yakafunikwa kwa puti: zulia la buti limelowa, na waya za taa zimeshika kutu ya kijani. Kwa hiyo tukikata nyuma ni lazima bati la ndani lipigwe likutane na la nje, lichomelewe mzunguko wote, lizibwe.

Kuna usalama pia. Shingo ya kujazia mafuta hupita nyuma ya tao la upande mmoja. Kabla ya cheche yoyote tunaondoa zulia, plastiki na sponji za buti, tunatoa waya, tunafungua betri, tunalinda au kuondoa bomba la mafuta, na mtu anakaa ndani na maji na kizimamoto. Ukienda gereji ukaona wanawasha grainda zulia likiwa ndani, chukua ufunguo wako.

Na usisahau skrubu ya bampa. Pale bampa la nyuma linapokutana na tao kuna kikono cha plastiki chenye skrubu kinachotazama tairi. Ni kitu kidogo, lakini kimechana tairi nyingi mpya kuliko fenda zenyewe.

Rangi itapasuka?

Inaweza. Rangi ya kiwandani iliyokaa vizuri hustahimili kukunjwa ikipashwa joto la kiasi cha nyuzi 60 na kukunjwa taratibu. Rangi iliyopigwa upya juu ya puti haikunjiki kabisa, inabanduka kama ganda. Kabla ya kuanza tunapitisha sumaku kwenye tao: isiposhika, chini yake kuna puti, na tunakwambia kabla, si baada. Magari mengi yaliyotumika yamewahi kunyooshwa nyuma bila mwenyewe kujua.

Na hewa ya bahari?

Hili ndilo linalotofautisha kazi ya Tanga na ya Dodoma. Chumvi inayoletwa na upepo hukaa kwenye bati na kunyonya unyevu hewani, kwa hiyo bati linabaki na majimaji hata wiki ambayo mvua haijanyesha. Ukingo uliokunjwa ni mahali pazuri pa kujificha: gundi ya kiwandani imepasuka kwenye mkunjo, rangi ina nyufa zisizoonekana, na kutu inaanzia ndani. Utaiona nje baadaye, rangi ikiwa imevimba vipele kwenye mzunguko wa tao.

Ndiyo maana kwetu kukunja hakuishii kwenye kukunja. Tunaosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi (ya bomba, kwa sababu visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi), tunakausha kwa hewa ya moto, tunakwangua gundi iliyopasuka, tunapiga praima ya epoksi, tunaziba kwa gundi mpya ya maungio, tunapiga rangi, kisha tunapuliza nta ndani ya ubavu kupitia matundu ya buti. Mteja akisema nta aiache kupunguza bei, tunabishana naye. Gari linalolala Raskazone au Mwambani bila nta litarudi.

Oili chafu ya injini ambayo wengine hupulizia chini ya gari inaharibu bushi za raba na inazuia rangi na gundi kushika. Ukikusudia kufanya kazi ya fenda, usiipulize.

Spesa (vipande vya kuweka kati ya habu na rimu ili itoke nje) zinafaa badala ya kununua rimu mpya?

Zile pana zenye stadi zake, zilizochongwa kutoka aluminiamu nzito na zinazokaa sawasawa kwenye habu, zinafaa. Zile bapa za milimita chache zinapunguza uzi unaoshikwa na nati. Nati ikishika chini ya mizunguko sita hivi, badilisha stadi ziwe ndefu. Vipande vya bati vilivyokatwa mtaani tunavitoa na kukurudishia mkononi. Jua pia kwamba kadiri rimu inavyotoka nje, beringi zinabeba zaidi na usukani unavutwa na kila bonde la barabara.

Nikate springi au nizichome ili gari lishuke?

Usichome kamwe. Moto unaua ugumu wa chuma, springi inalala upande mmoja na inaweza kukatika. Kukata mzunguko kuna hatari yake: gari likiinuka, springi fupi inalegea na kutoka kwenye kiti chake. Springi fupi zilizotengenezwa hivyo pamoja na shokapu zake, au koilova (shokapu na springi za pamoja zenye kimo cha kurekebishwa), ndizo tunazokubali kupimia fenda, kwa sababu fenda inayopimwa juu ya springi isiyotulia haina kipimo.

Kulaza tairi kwa ndani juu hakutoshi?

Kemba, yaani huko kulaza, ikiwa kidogo inasaidia, na kwenye Altezza na Mark II gari likishuka linaipata lenyewe kwa sababu ya amu zake mbili, juu na chini. IST na Vitz nyuma zina boriti moja, hailazi chochote, kwa hiyo huko nyuma utahitaji kazi ya bati mapema zaidi. Ukilaza kupita nyuzi mbili au tatu, tairi linaliwa ndani, na ukifunga breki ghafla mshiko unapungua. Kwenye mvua ya masika hilo si la kujaribu.

Niishushe kiasi gani kwa barabara zetu?

Ukiwa unazunguka mjini tu, barabara za Ngamiani zilizonyooka na Raskazone zinakuvumilia. Ukienda Segera mara kwa mara una matuta na rasta kwenye kila kijiji, na gari lililojaa. Sisi tunashauri sentimita tatu hadi nne chini ya kimo cha kiwandani kwa gari la kila siku. Wa Lushoto, zile kona za kupanda kutoka Mombo zinabana springi za nje kwa muda mrefu, kwa hiyo tupime na usukani uliokatwa, si ulionyooka.

Fenda za kubandika za faiba je?

Ni nzuri zikifungwa kwa heshima. Hata Nissan Skyline GT-R ya milango miwili ya 1970 ilitoka kiwandani na fenda za ziada nyuma. Lakini faiba haiongezi nafasi yenyewe; bati lililo chini bado linakatwa na kuchomelewa kama tulivyoeleza. Kila tundu la skrubu lipakwe praima kabla, na kati ya faiba na bodi kuwe na ukanda wa raba.

Trafiki na bima?

Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inampa askari mamlaka ya kulizuia gari bovu au la hatari. Tairi linalotokeza nje ya fenda, linalorusha mawe na matope kwa wa nyuma, linakupa mazungumzo marefu njiani, na kwa haki. Tairi lifunikwe kwa juu. Kampuni ya bima iambie kwa maandishi. Na ukibadilisha rangi ya gari zima, kumbuka kadi ya gari imeandikwa rangi.

Inachukua siku ngapi, na bei?

Kukunja mbele na nyuma bila rangi ya nje kunaisha ndani ya siku moja. Kuvuta na kupiga rangi ni siku kadhaa. Kukata nyuma tunahesabu kwa wiki, na Tanga ya waja leo waondoka leo haimo kwenye kazi hiyo: gundi inataka kukauka, praima inataka kukauka, na unyevu wa pwani hauna haraka. Bei tunaitoa baada ya kutoa springi na kupima, si kwa picha ya simu.

Nikichukua gari nifanye nini?

Kaza nati tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Toyota nyingi ndogo zinataka nguvu ya kukaza ya Nm 103, kwa spana ya kipimo. Fanya wili alaimenti gari likiwa kwenye kimo chake kipya. Jaza watu na mizigo, pita tuta unalolijua kwa mwendo wa kawaida, kisha simama upapase bega la tairi kwa kiganja. Likiwa laini lote, endelea na safari. Ukihisi mkwaruzo, rudi kabla ya kwenda mbali. Kurekebisha hapo ni kazi ya saa moja, na hatuidai.